Kipimanguvu kama Mhakiki: Kukataliwa kwa Fungu Refu la Maneno na Gharama Yake Mpakani Busia na Tororo

Ikisiri

Mtumiaji anapofungua akaunti katika mfumo wa kidijitali, mara nyingi huambiwa kwamba nenosiri lake ni dhaifu, la wastani au imara. Makala haya yanaichukulia hukumu hiyo kuwa ni tendo la uhakiki wa matini, kisha yanamhakiki mhakiki huyo. Hoja kuu ni kwamba nguvu ya nenosiri haimo katika sura yake bali katika namna lilivyoteuliwa. Kipimo kinachosoma sura peke yake hulikataa fungu refu la maneno ya Kiswahili yaliyoteuliwa kwa nasibu, huku kikilikaribisha jina la mji lililofuatwa na mwaka. Mifano inatokana na mazingira ya mpaka wa Kenya na Uganda, katika Busia na Tororo, ambako kukataliwa huko huishia kwa akaunti ya mtu kukaa mikononi mwa mtu mwingine.

1. Utangulizi

Busia ni jina la miji miwili inayotazamana, mmoja ukiwa Kenya na wa pili Uganda. Kaskazini yake, upande wa Uganda, uko Tororo, mji uliojiegemeza kwenye mwamba wake mashuhuri, si mbali na mpaka wa Malaba. Eneo hili lina wasemaji wa Lusamia, Ateso, Dhopadhola, Luganda na lugha nyinginezo, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha wanazokutania kwenye bei, kwenye pikipiki na kwenye foleni ya malori. Neno bodaboda lenyewe, kwa simulizi inayokubaliwa na wengi, lilizaliwa mipakani huku, wakati waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria na mizigo katika nafasi iliyo kati ya kituo cha nchi moja na kituo cha nyingine. Eneo lililokipa Kiswahili neno linalotumika leo kutoka Kampala hadi Dar es Salaam halistahili kuitwa pembezo ya lugha hii, ingawa baadhi ya wenzetu wangali wakilitazama hivyo.

Hadhi ya kisheria nayo imesonga mbele. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ili kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri la nchi hiyo liliidhinisha kitumike kama lugha rasmi. Kituo cha pamoja cha huduma za mpakani cha Busia kilizinduliwa rasmi Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni. Makongamano kama haya yamejadili kwa kina lugha ya mabango, ya fomu na ya maofisa katika vituo vya namna hiyo. Lililojadiliwa kidogo ni mlango ambao sasa unatangulia mabango na fomu zote: kisanduku kidogo kinachomtaka mtu aandike nenosiri. Namba ya mlipakodi, huduma za serikali, barua pepe, mikopo ya simu, vyote humpitisha mfanyabiashara mdogo katika kisanduku hicho. Na hapo hukutana na msomaji ambaye Kiswahili hakijui.

Msomaji huyo ninamwita kipimanguvu. Ni sehemu ya programu inayoliangalia nenosiri wakati linapoandikwa na kulitolea hukumu, pengine kwa mstari unaobadilika kutoka rangi nyekundu hadi kijani, pengine kwa kukataa tu kuendelea.

2. Hukumu na lugha yake

Tuanze na ujumbe wenyewe. Kwa Kiswahili huandikwa hivi, au kwa maneno yaliyo karibu sana na haya: “Nywila yako ni dhaifu. Tumia angalau herufi kubwa moja, tarakimu moja na alama maalumu moja.” Sentensi ya kwanza ni tamko la hali, ya pili ni amri. Hakuna kiungo kati yake, wala neno la kueleza sababu. Msomaji anaachiwa ahitimishe mwenyewe kwamba udhaifu ni ukosefu wa herufi kubwa, tarakimu na alama. Hivyo ujumbe huu, mbali na kukataa, unafundisha nadharia nzima ya usalama, na nadharia hiyo ni ya uongo.

Kivumishi dhaifu kinastahili kusimamiwa kidogo. Katika Kiswahili kinasemwa juu ya mgonjwa, juu ya serikali, juu ya hoja. Kinasemwa pia juu ya hadithi za Mtume, na matumizi haya ya mwisho ndiyo yenye funzo kwetu. Wanazuoni hawaiiti hadithi dhaifu kwa kuyaangalia maneno yake tu. Huitazama sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi: imetoka kwa nani, kwa njia gani, nani aliisikia kwa nani. Maneno mazuri yenye sanadi iliyokatika hubaki dhaifu. Kipimanguvu cha kawaida kinatumia neno hilohilo bila ya elimu hiyo. Kinatazama matini na hakiulizi matini ilipatikanaje. Sitaki kuuvuta mfano huu kupita kiasi, lakini sijaona ulio bora zaidi ndani ya lugha yetu wa kuonyesha kasoro ninayoizungumzia.

Katika vibanda vya huduma za intaneti vya mpakani, ujumbe huo aghalabu haumfikii mtumiaji kwa maandishi. Mwenye kibanda huusoma, mara nyingi katika Kiingereza, kisha huupitisha kwa mdomo. Mazungumzo yanayofuata nimeyabuni, lakini yeyote aliyeketi katika benchi la kibanda kama hicho atayatambua:

– Mama, inakataa tena. Inataka herufi kubwa, namba, na ile alama.
– Mwanangu, weka unayojua wewe, nichelewe nisichelewe.
– Basi naweka Busia, alama ya at, halafu mwaka. Usisahau.

Kitenzi inakataa kina kiambishi nafsi i- kisichokuwa na mwenyewe. Hasemwi mtu aliyeandika kanuni, wala ofisi iliyoiagiza. Ni “i” tu, kama mvua inavyonyesha. Kwa hiyo hakuna wa kubishana naye. Na tazama kilichotokea kwa kanuni yenyewe: imegeuka kuwa kiolezo. Jina la mahali lenye herufi kubwa mwanzoni, alama moja, mwaka. Mwenye kibanda hakuwa mzembe. Amejibu swali aliloulizwa, na atawajibia hivyohivyo wateja wote wa siku hiyo.

3. Nguvu iko wapi

Ili kuiona kasoro ni lazima tupige hesabu kidogo, na ninawaomba radhi wanafasihi.

Adui wa nenosiri, kwa sehemu kubwa, si mtu anayekaa mbele ya skrini akibahatisha. Mfumo uliotengenezwa vizuri humfungia baada ya majaribio machache. Ndiyo maana namba ya siri ya tarakimu 4 ya pesa za simu inaweza kutosha ilhali ina uwezekano 10,000 tu. Hatari kubwa ni pale hifadhi nzima ya manenosiri, hata ikiwa yamefichwa kwa njia ya kihisabati, inapoibwa na kupelekwa kwenye kompyuta ya mwizi. Huko hakuna wa kumfungia. Dhidi ya mbinu za kale za kuficha, kama MD5, kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inaweza kujaribu mabilioni ya makisio kwa sekunde moja.

Mwizi huyo hajaribu herufi ovyo. Huanza na violezo ambavyo watu hupenda. Tuchukue Busia@2024. Lina herufi kubwa, herufi ndogo, alama na tarakimu. Ni la herufi 10. Kanuni zote limezitimiza. Lakini tukikadiria majina 1,000 ya miji na watu yanayopendwa, alama 10 na miaka 50, tunapata makisio 500,000. Hiyo ni kazi ya muda usiofika sekunde. Vipimanguvu vingi vya aina rahisi, kwa kuwa huzidisha idadi ya herufi kwa logarithimu ya ukubwa wa seti ya alama zinazoweza kuandikwa, hulipa neno hilo takriban biti 65. Kwa makadirio yetu halifiki biti 19.

Sasa tuchukue njia nyingine. Mwaka 1995 Arnold Reinhold alitoa orodha ya maneno 7,776, idadi inayopatikana kwa kurusha dadu mara tano, kwa kuwa 6 ikizidishwa yenyewe mara tano ni 7,776. Kila mirusho mitano huteua neno moja. Mtumiaji hachagui, dadu ndiyo inayochagua. Kila neno lina uzito wa biti 12.9, na maneno sita yana karibu 77. Hata mwizi akiijua orodha yote na kujua kwamba maneno ni sita, kwa kasi ya makisio bilioni moja kwa sekunde atahitaji takriban miaka milioni saba kuimaliza. Siri hapa haimo katika maneno. Imo katika bahati ya dadu.

Fungu la namna hiyo kwa Kiswahili linaweza kuwa:

jiwe pazia wimbi karafuu kiatu ngazi

Ni herufi 36 pamoja na nafasi. (Limekwisha chapishwa hapa, kwa hiyo halimfai tena mtu yeyote.) Likiingizwa katika kipimanguvu cha kanuni za kale, hukataliwa kwa sababu tatu au nne kwa mkupuo: halina herufi kubwa, halina tarakimu, halina alama maalumu, na lina nafasi. Mfumo mwingine utaongeza ya tano, kwamba ni refu kupita kiasi. Busia@2024 linapita.

Kanuni hizi zina historia, na historia yake inajulikana. Mwaka 2003 Bill Burr wa Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya Marekani, NIST, aliandika mwongozo uliotia nguvu desturi ya kuchanganya aina za herufi na kubadilisha nenosiri kila baada ya muda. Ulienea duniani. Mwaka 2017, akiwa amestaafu, aliliambia gazeti la Wall Street Journal kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri ule. Mwaka huohuo NIST ilitoa mwongozo mpya: mifumo isilazimishe mchanganyiko wa aina za herufi, iruhusu nafasi, ikubali angalau herufi 64, na badala ya kuhesabu alama ilinganishe nenosiri na orodha ya yale yanayojulikana kuvuja au kupendwa mno. Toleo la 2025 limekaza zaidi, na linataka herufi zisizopungua 15 pale ambapo nenosiri ndilo kinga pekee. Kituo cha usalama wa mitandao cha Uingereza nacho kimekuwa kikiwashauri raia waunganishe maneno matatu ya nasibu. Kwa ufupi, kanuni zinazomkataa mama wa Busia zimekwisha kukanwa huko zilikotoka. Zimebaki kwetu kama nguo za mitumba ambazo mwenyewe aliyezishona hazivai tena.

4. Kiswahili mbele ya msomaji asiyekijua

Hadi hapa hoja ingeweza kusimama kwa lugha yoyote. Nia yangu ni kuonyesha kwamba Kiswahili kinaumizwa kwa namna yake, na kwamba wanaisimu ndio wanaoweza kuiona namna hiyo.

La kwanza ni urefu. Silabi za Kiswahili kwa kawaida ni konsonanti na vokali, vokali ni tano tu, na maneno ya silabi moja ni machache. Orodha ya kwanza ya Reinhold ina maneno ya Kiingereza yenye wastani wa herufi nne hivi. Kiswahili hakiwezi kufika huko bila kuishiwa na maneno ambayo watu wanayajua. Ni lazima tuchukue ya silabi tatu na nne, karafuu, kipepeo, na nomino nyingi huja na kiambishi ngeli kinachoongeza herufi bila kuongeza siri. Fungu la maneno sita la Kiswahili kwa hiyo huwa refu kuliko lenye nguvu ileile katika Kiingereza cha Reinhold. Mfumo unaoweka kikomo cha herufi 16 au 20 unamnyima Mswahili maneno mengi zaidi ya anavyomnyima Mwingereza. Zipo sababu za kiufundi za kuweka kikomo: mbinu ya bcrypt, kwa mfano, husoma baiti 72 za mwanzo tu. Lakini 36 ni nusu ya 72. Kikomo cha 16 hakina utetezi wa namna hiyo. Ni mazoea ya tangu enzi za mifumo ya kale ya Unix iliyosoma herufi nane za mwanzo na kuzitupa zilizobaki.

La pili ni kibainishi cha ng'. Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa, ng'ara: hakuna njia nyingine sanifu ya kuyaandika. Katika baadhi ya mifumo alama hiyo huhesabiwa kuwa alama maalumu, na mtu huambiwa nenosiri lake ni imara kwa sababu tu ameandika ng'ombe. Katika mingine hukatazwa kabisa, kwa kuwa watengenezaji wanaogopa alama hiyo itavuruga amri za hifadhidata. Woga huo wenyewe ni ushahidi wa mfumo usiojengwa vizuri, kwani nenosiri linalofichwa ipasavyo kabla ya kuhifadhiwa halina njia ya kugusa amri yoyote. Anayebeba lawama ni tahajia ya Kiswahili.

La tatu ni dogo, lakini linapendeza kwa anayependa fonolojia. Baadhi ya vipimanguvu hukataa herufi ileile ikijirudia mara tatu mfululizo. Kiswahili kina vokali mbili mfululizo kwa wingi, kaa, taa, saa, bei kuu, na kina maneno yanayoanza kwa vokali. Mtu akinyimwa nafasi na kulazimika kuunganisha kaa na asali, anapata kaaasali, na anaambiwa kwamba anarudiarudia. Hajarudia kitu. Mpaka wa maneno umefutwa na yuleyule anayemlaumu.

La nne ni majina. Mifumo mingine hulikataa nenosiri lenye jina la mwenye akaunti, na kwa jumla hilo ni jambo jema. Lakini Baraka, Neema, Amani, Furaha na Tumaini ni majina ya watu na ni maneno ya kila siku. Dadu ikimwangukia Neema neno neema katikati ya maneno mengine matano, fungu zima linakataliwa, wakati nguvu yake haijapungua kwa kiasi cha kumpa mtu wasiwasi.

La tano linageuza shilingi upande wa pili, na pengine ndilo zito kuliko yote. Vipo vipimanguvu vya kisasa vilivyo bora zaidi ya hivi vya kuhesabu alama. Kinachojulikana sana ni zxcvbn, kilichotolewa mwaka 2012 na Dan Wheeler akiwa katika kampuni ya Dropbox. Hiki hakihesabu aina za herufi. Kinajaribu kufikiri kama mwizi, kikilinganisha nenosiri na orodha za manenosiri yaliyovuja, maneno ya Kiingereza na majina ya watu wa Marekani. Fungu letu la maneno sita kingelikubali. Ni hatua kubwa. Lakini katika toleo lake la kawaida orodha za maneno ni za Kiingereza: za Wikipedia ya Kiingereza, za filamu na televisheni za Marekani. Mtu akiandika akufaayekwadhikindiyerafiki, herufi 27, kipimo hicho kitaona bahari ya herufi zisizo na mpangilio na kumpa alama ya juu kabisa. Msomaji wa Kiswahili anaona methali anayoijua tangu darasa la tatu. Tukikadiria kwamba methali zinazojulikana ni 5,000, basi methali nzima, pamoja na urefu wake wote, ina biti 12 na kidogo: haifikii hata neno moja lililoteuliwa na dadu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba tiba ni kusema “refu ni imara” na kuishia hapo. Urefu ni sura vilevile. Sentensi ya Kiswahili yenye sarufi ina upatanisho unaojitangaza: ukiona kitabu, unatarajia kizuri na kimepotea, kila kiambishi ki- kinachofuata hakiongezi siri, kinaithibitisha tu ile ya mwanzo. Methali, beti, aya za dini na maneno ya matangazo ya redio ni marefu na yanajulikana. Kipimo cha zamani kinamkataa aliyerusha dadu. Kipimo kipya kinaweza kumkubali aliyenakili methali. Vyote viwili vinasoma matini bila sanadi. De Carné de Carnavalet na Mannan, katika utafiti wao wa mwaka 2014, walionyesha kwamba nenosiri lilelile huitwa dhaifu na kipimo kimoja na imara na kingine. Wao walizungumzia tofauti za kampuni na kampuni. Kwetu panaongezeka tofauti ya lugha na lugha.

Masimulizi ya Alfu Lela Ulela yana mfano wa hili ambao watoto wetu wanaujua. Kasimu anafungiwa pangoni kwa kusahau kwamba nafaka iliyofungua mlango ni simsim. Anataja shayiri, anataja nyingine. Watu humcheka kwa usahaulifu. Mfanyabiashara wa soko la Tororo, ambako simsim hupimwa kwa vikombe, angeuliza swali lililo bora: kama siri ni jina la nafaka, kwa nini asizitaje zote zilizo sokoni? Haziwezi kuzidi dakika mbili.

5. Akaunti iliyokaa kibandani

Nirudi kwenye kibanda. Nenosiri Busia@2024 limetungwa na kijana wa kibanda, limeandikwa na kijana wa kibanda, na limo kichwani mwake au katika daftari lake pamoja na mengine ya sura hiyohiyo. Mwenye akaunti amelisikia mara moja. Baada ya miezi mitatu, wakati wa kuwasilisha ritani ya kodi au kutafuta hati, atalirudia benchi lilelile. Anuani ya barua pepe inayopokea ujumbe wa kubadilisha nenosiri nayo ilifunguliwa hapohapo, kwa kiolezo kilekile. Wengi wa mpakani hutumia laini mbili za simu, ya Kenya na ya Uganda, na namba iliyosajiliwa huenda ndiyo iliyozimwa siku hiyo.

Kijana anaweza kuwa mwaminifu, na wengi ni waaminifu. Lakini kibanda hufungwa, kijana huhamia Jinja au Eldoret, daftari hupotea au huangukia mikono mingine. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki upo utaratibu uliorahisishwa kwa wafanyabiashara wadogo, unaowahusu wenye bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000, na ulibuniwa hasa ili mtu wa kawaida asimhitaji wakala kuvusha mahindi au mayai yake. Wakala aliyeondolewa kwenye kizuizi cha barabara amerudi kwa mlango wa nenosiri. Kenya na Uganda zote zilipitisha sheria za kulinda data binafsi mwaka 2019, na zote zinamtaka anayehifadhi data azilinde kwa hatua zinazofaa. Ningependa kusikia mwanasheria akitueleza kama kanuni inayomsukuma mwenye data kumpa mtu wa tatu nenosiri lake ni hatua inayofaa.

Mtu anaweza kusema: mama huyo hata angeruhusiwa fungu la maneno sita, asingeliweza. Sikubaliani. Mtu anayekariri bei za mafungu ishirini ya dagaa, madeni ya wateja na majina ya wajukuu hashindwi na jiwe, pazia, wimbi, karafuu, kiatu na ngazi. Anachoshindwa nacho ni kukumbuka B ilikuwa kubwa au ndogo, na kama alama ilikuwa ile ya at au ile ya mshangao, kwa sababu vitu hivyo havina umbo katika kusema. Haviimbiki, havina picha. Maneno yana picha. Hata utata wa maneno unasaidia. Wimbi kwa Mswahili wa pwani ni la bahari. Kwa wengi wa Tororo na Busia ni nafaka ya uji. Kila mmoja ataona picha yake na wote wataandika herufi tano zilezile.

6. Jina, ujumbe na orodha

Istilahi zetu wenyewe hazijatusaidia. Nenosiri na neno la siri zinasema wazi kwamba kinachotakiwa ni neno, moja. Nywila, ambayo wengi huitaja pamoja na kishikwambi na tarakilishi wanapotaka kucheka, angalau haisemi idadi. Kwa kile ninachokipendekeza, kirai na sentensi havifai, kwa kuwa vyote vinadai sarufi, na tumeona sarufi inavyoivujisha siri. Ninapendekeza fungu la siri. Fungu, katika soko lolote la Afrika Mashariki, ni vitu vilivyowekwa pamoja mezani au mkekani, nyanya nne na moja ya nyongeza, bila uhusiano mwingine zaidi ya kwamba vimekutana hapo na vinauzwa pamoja. Ndivyo maneno ya dadu yalivyo. Kwamba neno hilo linasikika karibu na ufunguo ni faida ambayo sikuitafuta.

Ujumbe nao uandikwe upya. Kipimanguvu hakiwezi kujua kama maneno yaliteuliwa kwa dadu au kwa moyo, na mhakiki asiyeweza kujua asitoe hukumu. Afadhali atoe msaada. Mfumo unaoweza kulikataa nenosiri unaweza pia kulitoa: “Hili hapa fungu la siri la maneno sita tuliloliteua kwa bahati nasibu. Liandike penye usalama mpaka ulizoee. Usimwambie mtu, hata anayekusaidia.” Sentensi ya mwisho inamtambua kijana wa kibanda bila kumtukana. Na pale mtumiaji anapotunga mwenyewe, kataa moja tu litoshe, lenye sababu ndani yake: “Nenosiri hili limo katika orodha ya yale yanayokisiwa kwanza.” Orodha hiyo iwe na majina ya miji yetu, misimu ya redio na methali, na haitapatikana kwa kutafsiri orodha ya Wamarekani.

Kazi inayobaki ni ya kwetu: orodha ya maneno 7,776 ya Kiswahili ambayo msemaji wa Tororo na wa Unguja wote wanayajua na wanayaandika kwa tahajia moja. Si kazi ya wiki moja. Umoja na wingi, kiti na viti, visiingie vyote viwili, kwani kumbukumbu huvichanganya. Maneno yenye tahajia mbili, kama ratili na ratli, yatoke. Posho lina maana ya chakula Uganda na ya marupurupu kwingineko, na kwa sababu niliyoitaja kuhusu wimbi sioni ubaya wa kuliingiza. Matusi, majina ya makabila na maneno ya vyama vya siasa yaachwe, kwa kuwa dadu haina adabu na inaweza kumpa mzee fungu asiloweza kulitamka mbele ya wajukuu. Vitenzi viingie kwa sura ya amri, soma, beba, chota, vifupike. Dadu za kuanzia zipo: kila kijiwe cha bodaboda chenye ubao wa ludo kina ya kuazima.

Kuhusu ng', nimebadilika mara mbili wakati wa kuandaa makala haya. Kuyaingiza maneno hayo katika orodha ni kuitetea tahajia yetu. Kuyaingiza leo ni kumpeleka mtumiaji kwenye kukataliwa kulekule, mbele ya kisanduku ambacho hakitamweleza sababu. Kwa sasa nayaacha nje. Ng'ombe na ng'ambo vitasubiri mpaka mifumo ijifunze kusoma alama moja.